Gants Zenye Panya Walikula

Asubuhi ile tulikuwa banamuke bane ndani ya maternité, nyumba ya kuzalia, kule juu upande wa Masereka. Accoucheuse mwenye kuzalisha, muke wa mudogo wa bwana yangu. Mwenye kuzaa, mukaza-mwana wa jirani yetu. Yule jirani mwenyewe, mama mukwe wake. Na mimi, mwenye kufula vitambaa na gants. Majina yao yote niko nayo kichwani, hata ya baba zao, lakini nayaacha pembeni, maana bengine bangali bazima.

Ilikuwa wakati ya vita. Basoda walifunga barabara ya Butembo, na gants mupya hazikupanda tena. Donc zile za mupira zenye tulikuwa nazo tulizitumikisha mara mingi. Nilizifula na sabuni, nilizitia mu javel ya kuua mikrobe, nilipuliza pumuzi ndani kuangalia kama ziko na tundu, kisha nilizianika kwenye kamba. Zikikauka zinashikana, mukono hauingii. Mbele tulikuwa na poudre ya kupakaa ndani. Ile iliisha, njo accoucheuse alisema tupakae bunga ya muhogo. Ilitumika muzuri sana. Hakuna mwenye alifikiria panya.

Mwenye kuzaa alifika mimba inasukuma. Bwana yake alikufa na sida, ule ukimwi, na yeye alipimwa Butembo mbele barabara ifungwe, hakutuficha kama naye iko nayo. Accoucheuse naye alikuwa na kidonda ku mukono, mbabula ya makala ilimuchoma, ngozi ilikuwa imetoka. Nilifungua kartoni. Panya walikuwa wamekula vidole vya gants zote.

Accoucheuse aliangalia, akasema: “Na ni mimi niliwapikia.”

Mama mukwe akamusukuma. “Toka hapo, mwanangu. Uko na batoto. Mimi nimezeeka, nitashika mutoto na mikono yangu.”

“Mama, wewe hata mulango hauone.”

“Mulango haulie. Mutoto atalia, nitajua kwenye iko.”

“Bamama,” mwenye kuzaa akaita kwenye kitanda, “mugombane mbio!”

Accoucheuse aliona kitunga cha mama mukwe, chenye chakula cha mzazi. Ndani mulikuwa sachet mbili za plastiki zenye chumvi. “Mama, mwanga hiyo chumvi, nivae sachet zake.”

“Chumvi? Wakati ya vita?”

Mikono yake mama mukwe alikuwa anaitoa bure, lakini kupoteza chumvi kulimuuma. Mwisho aliimwanga mu kona ya kitenge, akafunga fundo. Nilivalisha accoucheuse zile sachet, nikafunga ku vifundo vya mikono na kipande cha kitambaa, nikazungusha kingine juu ili mutoto asiteleze. Chumvi yenye ilibakia ndani ikaingia ku kidonda. Alilia kwa nguvu.

“Ni nani anazaa hapa?” mwenye kuzaa akauliza.

Mutoto alitoka, musichana. Damu ilikuwa mingi. Kisha nilifungua zile sachet, tukazijaza maji, tukazinyanyua kwenye dirisha.

“Haivuje,” nilisema.

“Angalia tena, yaya,” accoucheuse akaniambia, mimi mukubwa wake.

Niliangalia tena. Haikuvuja.

Lakini hata kidonda kilipokauka, accoucheuse aliendelea kuogopa. Batoto wake hakuwapakulia tena na mukono wake, alituma mukubwa apakule. Barabara ilipofunguka, alishuka Butembo wapime damu yake. Alirudia na miguu, akapita moja kwa moja mu jiko, akatwaa mwiko, akaanza kupakulia batoto.

Kidonda, mimi naona kilikuwa ku mukono wa kuume. Bengine banasema wa kushoto. Kama nimekosea hapo ama fasi ingine, wewe mwenye unajua vizuri, pita nyumbani uniambie, nitabadilisha.