Njia Isiyokuwamo Kwenye Kalenda

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alipiga picha za eksirei katika hospitali ya serikali, kwenye chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido. Kutwa kucha kazi yake ilikuwa kuamuru: "Vuta pumzi. Zuia. Usitikisike." Watu wakaona jina la kitambulisho ni refu mno, wakamwita Vuta Pumzi. Walinzi walimwita hivyo, wauguzi hivyo hivyo, na mgonjwa aliyewahi kuvunjika mkono akikutana naye sokoni alimsalimia, "Shikamoo Vuta Pumzi," huku akikunjua kiwiko kumwonyesha kwamba kimepona. Ni dada yake mkubwa tu, fundi wa kushona waliyekaa naye nyumba moja, aliyekuwa akimwita jina la utotoni, tena siku za ugomvi.

Kazini hakuwa na mchezo. Mfanyakazi mgeni aliwahi kufuta alama ya vumbi kwenye picha ya kifua kabla ya kuipeleka kwa daktari, akidhani anaisafisha. Vuta Pumzi alimrudisha akaipige upya.

"Lakini lilikuwa vumbi tu, mama," yule mgeni alijitetea.

"Atakayesema ni vumbi ni daktari. Sisi tunaonyesha kilichopo. Picha ya mgonjwa haipambwi."

Siku yake ya mapumziko alikwenda kutembea. Macho yaliyoshinda wiki nzima yakitazama mbavu za watu yalikuwa na njaa ya mbali. Alifunga mkate kwenye mfuko, akachukua chupa ya maji, akafuata barabara hadi inapoishia kwenye machimbo ya mawe, kisha akapanda mgongo wa kilima. Juu pale bonde lote lilifunguka mbele yake: kijito chini, daraja la magogo, na ng'ambo yake mteremko mpana wa majani uliokwenda kukomea kwenye nyumba chache zenye miti.

Kamera aliinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyepanga chumba jirani na kibanda cha dada yake. Bwana huyo alikuwa anaacha kazi hiyo na kuingia kwenye ufugaji wa kuku, kwa sababu, alivyosema, kuku haombi apunguzwe tumbo. Pamoja na kamera alimwekea programu kwenye kompyuta, akamfundisha kuitumia kwa saa moja.

"Hiki ni cha kufutia chunusi," alimwelekeza. "Unanakili ngozi safi ya pembeni, unaibandika juu ya chunusi. Hata bibi harusi mwenyewe hatajua ilikuwa wapi."

Vuta Pumzi hakuwa na chunusi za kufuta. Akaanza na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye vichaka. Baada ya mifuko akafuta bati lililong'aa kupita kiasi. Kisha nguzo ya umeme. Dada yake alisimama nyuma yake, futi ya kupimia shingoni, akaitazama ile nguzo ikiyeyuka kidogo kidogo kuanzia juu.

"Hiyo si ndiyo nguzo inayotuletea umeme wa kuwasha hicho kikompyuta chako?"

"Inaharibu mlima."

"Mlima umekwambia?"

"Dada, eksirei ni ya mgonjwa. Mlima hauumwi."

Dada alirudi kwenye cherehani. "Haya. Leo nguzo. Siku ukinipiga mimi, tafadhali uache walau miguu."

Ile picha iliyoleta maneno aliipiga asubuhi moja baada ya mvua. Ukungu ulikuwa umeinuka nusu, mteremko wa ng'ambo ulikuwa wa kijani kiasi cha kutia kiu, na katikati yake, kuanzia kwenye zile nyumba hadi darajani, ilishuka njia ya miguu, nyekundu, imelowa, imepinda kama mshono wa tumbo. Alipoifungua nyumbani, jicho halikwenda kwingine kokote ila kwenye njia. Akakaa nayo. Alinakili majani ya kulia akabandika kushoto, ya juu akaleta chini, mpaka mteremko ukawa mzima, kama haujawahi kukanyagwa na mtu. Ilimchukua karibu saa mbili, na alipomaliza aliihifadhi juu ya ile ya kwanza kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa.

Mganga mkuu wa hospitali aliiona, akaipenda, ikawa picha ya kalenda ya mwaka. Ilitundikwa maduka ya dawa, ofisi, vinyozi. Vuta Pumzi hakuwa mtu wa kujigamba, lakini mwaka ule alinyoa nywele mara nyingi kidogo kuliko kawaida.

Miaka miwili ikapita. Mteremko ule, ambao ulikuwa shamba la familia moja iliyohamia mbali, ukauzwa. Mnunuzi alikuwa bwana mtulivu, mstaafu wa kazi za ghala, na jambo la kwanza alilofanya ni kuuzungushia seng'enge kuanzia juu hadi kwenye kijito. Watu wa zile nyumba wakambatiza Bwana Uzio. Njia yao ya kushukia mjini ilikuwa ndani ya waya sasa. Ikawabidi wazunguke kwa barabara ya magari, karibu saa nzima zaidi kwenda, na saa nzima kurudi. Wakashitaki kwenye baraza la ardhi.

Alhamisi moja jioni muuza maziwa alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye Vuta Pumzi alikuwa amezoea kupishana naye kwenye njia ile, dumu la maziwa kichwani na jingine mkononi. Walizoea kusalimiana bila kusimama. Leo alikaa.

"Nimetoka barazani," alisema. "Yule bwana kaja na kalenda yako. Kaitandika mezani, kamwambia mwenyekiti: hii ilipigwa kabla sijanunua, nionyesheni njia iko wapi. Tukatazama wote. Hakuna njia."

Muuza maziwa alimgeukia Vuta Pumzi.

"Mimi na wewe tumekutana pale mara ngapi? Ulikuwa unanipisha, unasimama kwenye majani, viatu vinalowa. Sasa mbona picha yako hainijui?"

"Niliifuta."

"Uliifuta." Muuza maziwa alilirudia neno lile taratibu, kama anayelionja kuona iwapo limechacha. "Kwa nini?"

"Ilikuwa nzuri zaidi bila njia."

Kutoka chumba cha pili cherehani ilinyamaza. Dada mtu alitokea mlangoni, pini zikiwa zimebanwa midomoni, akazitoa moja moja. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yako wewe imewazungusha watu saa nzima."

Walitafuta picha ya kwanza pamoja, wote watatu mbele ya kompyuta. Haikuwapo. Kadi ya kamera ilikuwa imefutwa na kutumika tena mara kumi. Zilikuwapo picha nyingine za mteremko ule, na katika zote njia haikuonekana: kwenye moja ilizibwa na ukungu, kwenye nyingine alikuwa amesimama juu ya njia yenyewe alipokuwa akipiga, na mbili alikuwa amezifuta vile vile. Muuza maziwa aliaga, akasema baraza linakaa tena Jumatano.

Siku ya pili yake habari zilikuwa zimeshafika hospitali. Mganga mkuu alimwita, akafunga mlango.

"Hakuna aliyekuita kule kutoa ushahidi," alisema. "Sikiliza, mimi sikufundishi uongo. Lakini fikiri. Mpiga eksirei wa hospitali hii anasimama mbele ya watu anasema, mimi hufuta vitu kwenye picha. Kesho nani atakuamini na mapafu yake?"

Swali lile lilimkaa. Lilimkaa kwa sababu halikuwa la kijinga. Alipitisha siku mbili akipiga picha za magoti na mabega, na kila alipotoa moja aliitazama mara mbili, kana kwamba mkono wake ungeweza kufanya jambo bila yeye kujua. Jumanne alijaza fomu ya ruhusa ya nusu siku. Kwenye sababu aliandika: shughuli binafsi.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita. Wajumbe walikuwa watano. Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi, alimpa nafasi. Vuta Pumzi alisema yote kwa sauti ile ile ya chumba cha eksirei: alipiga lini, njia ilikuwa wapi, aliifutaje, na ya kwanza imepotea.

Bwana Uzio aliinuka. Hakuwa na ukali. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nilinunua nilichokiona. Kalenda hii ilikuwa ukutani kwa muuzaji. Kama ningeona njia ya watu ndani ya shamba, ningeuliza kabla ya kununua, pengine ningeacha. Sasa mama huyu anasema siku ile alidanganya. Nauliza kwa heshima: tutajuaje kwamba siku ile ndiyo aliyodanganya, na siyo leo?"

Vuta Pumzi alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba bwana huyu naye alikuwa amedhulumiwa na picha yake.

"Kwa maneno yangu, hamtajua," alijibu. "Naomba kalenda."

Akaiweka mbele ya mwenyekiti. Alikuwa ameisoma tangu Jumapili, kama anavyosoma mfupa wenye ufa mwembamba. Akaonyesha kwa ncha ya kalamu: jiwe jeupe lenye kishungi cha nyasi upande mmoja, mfano wa mtu aliyevaa kofia iliyolalia sikio moja.

"Jiwe hili ni la kweli. Lipo hapa kulia. Sasa tazama hapa."

Mwenyekiti aliinamisha miwani. "Liko jingine."

"Si jingine. Ni hilo hilo. Nilinakili majani nikalibeba na lenyewe. Shuka."

"Huyu mwenye kofia ninamwona mara ya nne sasa," mwenyekiti alisema, na wajumbe wakasukuma viti kusogea. "Na huyu hapa wa tano, na kivuli chake kile kile."

"Unganisha."

Mwenyekiti alipitisha kidole kutoka jiwe hadi jiwe. Kidole kilianzia kwenye miti ya zile nyumba, kikapinda kidogo, kikashuka, kikaja kutua darajani.

Bwana Uzio alitazama kwa muda mrefu. "Naona kitu kimefutwa," alikubali. "Lakini kilichofutwa ni nini? Labda ni ng'ombe walikuwa wakishuka."

"Ng'ombe wangu mimi ni watatu, Bwana," muuza maziwa alidakia kutoka nyuma, "na hawajawahi kupanga mstari hata siku ya kuchomwa sindano!"

Kicheko kilipasuka, na Bwana Uzio mwenyewe akacheka, ingawa kwa shingo upande. Baada ya hapo mambo yalikuwa ya kawaida. Wajumbe walikwenda shambani, wakazungumza na wazee watatu na mwenye duka la ng'ambo. Uamuzi ukatoka baada ya wiki tatu: Bwana Uzio abaki na seng'enge yake, ila aache njia kando ya mpaka wa shamba, upana wa mtu na baiskeli, na mlango mdogo juu na chini. Njia mpya ilikuwa na mawe na ilizidi ile ya zamani kwa hatua mia mbili hivi. Muuza maziwa alilalamika mwezi mzima, kisha akaizoea. Bwana Uzio alitia bawaba nzuri kwenye milango ile, kazi ya mikono yake, na hakuna aliyemwomba.

Mganga mkuu alimwandikisha Vuta Pumzi barua ya maelezo, ikawekwa kwenye faili. Kalenda ya mwaka uliofuata ilikuwa na picha ya chombo cha maua. Kwa miezi kadhaa wagonjwa walimtania: "Mama, usinifute ubavu, ndio huo huo ninao!" Wengi walitania kweli. Mzee mmoja hakuwa akitania. Alitaka picha ya kifua chake ipigwe mara ya pili, daktari mwingine akiwa amesimama pale. Vuta Pumzi aliipiga tena. Zilitoka sawasawa. Siku ile hakula chakula cha mchana.

Kutembea hakuacha. Kamera nayo aliibeba. Alichofanya nayo nyumbani alikuwa anakibadili kila mara, kwa sababu hakuwa na uhakika mpaka uko wapi. Kuongeza mwanga aliona sawa. Kukata ukingo wa picha, alikata, kisha akajiuliza kilichobaki nje ya ukingo nacho si kimefutwa? Mifuko ya plastiki alianza kuiokota kwa mkono kabla ya kupiga. Dada yake alisema hiyo ndiyo programu nzuri kuliko zote, tena haijazi kompyuta.

Asubuhi moja ya kiangazi alimkuta muuza maziwa kwenye mlango wa chini, ametua madumu anapumzika.

"Leo nipige mimi," muuza maziwa alimwambia. "Picha zako zote ni majani. Majani yamenizidi nini?"

Akampiga, amesimama njiani, mkono mmoja kwenye bawaba, anacheka. Alipoiona kwenye kioo cha kamera, muuza maziwa alikunja uso.

"Hili pengo. Lile jino liling'oka mwaka juzi. Nirudishie."

"Nirudishe jino?"

"Si unaweza? Uliondoa njia nzima, jino moja litakushinda?"

"Mama, baada ya yote yale?"

"Yale yalikuwa ya watu wote. Jino ni langu."

Vuta Pumzi alilifikiria lile neno siku nne. Mwishowe alichapisha picha mbili. Nyuma ya ya kwanza aliandika tarehe tu. Nyuma ya ya pili aliandika tarehe, na chini yake: jino la juu, upande wa kushoto, limeongezwa. Akampelekea zote kwenye bahasha moja.

Muuza maziwa alizitazama, akasoma nyuma, akacheka mpaka akashika kiuno. Ile yenye pengo aliiweka kabatini, chini ya nguo. Ile yenye jino aliitundika ukutani, maandishi yakiwa yamegusa ukuta.