Shangazi Hyasinta Kanunua Pori

Ukiuliza mtaa mzima wa Bertrams, hapa Joburg, nani anashona sare za shule zisizochanika, utaletwa kwa shangazi yangu Hyasinta. Ukiuliza nani ana sauti kubwa kuliko uwanja wa Ellis Park siku ya mechi, utaletwa palepale. Lakini ukisema huyo mama ana bunduki ya kuwindia, yenye leseni, imefungiwa kwenye kabati la chuma nyuma ya vitambaa, watu watakuangalia kama umekunywa kitu.

Shangazi ni Mpogoro wa Mahenge. Baba yake alikuwa analinda mpunga usiliwe na nguruwe pori, na kwa kuwa kaka zake walikuwa wanasinzia, aliyebebeshwa gobore ni yeye. Baadaye akaenda Morogoro kujifunza ushonaji, akakutana na Anko Thabo, Msauzi aliyekuwa uhamishoni enzi za ubaguzi. Wakaoana, na mambo yalipobadilika huku wakahamia Joburg. Anko Thabo anapenda kuanza hadithi zake na "nilipokuwa mpiganaji." Shangazi anapenda kumalizia: "Alipigana na masufuria. Alikuwa mpishi wa kambi." Anko habishi. Na mchuzi wake ukiuonja, hata wewe hubishi.

Sasa, huku Sauzi kuwinda siyo kubeba bunduki ukaingia popote. Kila pori lina mwenyewe. Kwa hiyo miaka yote shangazi amekuwa mgeni kwenye mashamba ya watu. Anapangiwa pa kukaa, anaambiwa yule piga, yule acha, halafu jua likipanda anaoneshwa geti. "Nawinda kama mtoto anayelishwa uji," alikuwa akilalamika. Alitaka pori lake. Dogo tu. Akae humo mpaka achoke, na akirudi mikono mitupu, awe amekosa yeye mwenyewe.

Akatangaza kwenye group letu la WhatsApp kwamba anatafuta, hata hekta ishirini zinamtosha. Eish! Wa kwanza kurukia alikuwa Samwel, kinyozi wa hapo mtaani.

"Shangazi, hekta ishirini? Swala akipiga chafya kwako, kamasi inaangukia kwa jirani."

"Sasa huyo mnyama atakuwa anaishi hapo au anakuja kwa zamu?" akadakia mwingine.

Mimi nikatuma picha ya sungura kabeba begi. Shangazi akajibu kwa ujumbe wa sauti, mfupi: "Samwel, wewe hata kuku unamnunua ameshakatwa vipande. Tulia."

Kabla sijaendelea, lazima ujue silaha nyingine ya hawa wazee. Kiswahili. Joburg, Kiswahili kwao ni pazia, wanalivuta popote walipo. Dukani wanamsema muuzaji mbele ya uso wake. Kwenye foleni wanajadili suruali ya aliye mbele. Wakienda Yeoville wananyamaza, maana kule kila wa pili ni Mkongo, unaumbuka mchana kweupe. Lakini kwingine kote, sharp, mambo safi, hawajawahi kukamatwa.

Basi Jumamosi moja tukapanda gari la Anko, mimi kiti cha nyuma, tukashika njia ya kaskazini mpaka huko karibu na Modimolle, halafu vumbi. Muuzaji alikuwa mzee wa Kikaburu, sabini na kitu, anaitwa Oom Sarel. Hiyo "Oom" ni heshima yao, kama sisi tunavyosema baba. Kaptula ya kaki, soksi mpaka magotini, kofia iliyoona mengi. Alikuwa anakata kipande cha shamba lake kwa sababu watoto wamehamia Australia na yeye hawezi tena kulizunguka lote. Akatuambia kwa Kiingereza, bila hata kutukaribisha, kwamba Jumatatu kuna mtu mwingine anakuja. Huyo anataka kufyeka, achonge njia, akodishie watu wa mjini zile pikipiki za magurudumu manne.

Shangazi akanibana mkono mpaka kucha zikaingia. Kwa hiyo ni leo au basi.

Mpango waliupanga njiani: Kiingereza cha kuponda, Kiswahili cha ukweli. Tukaanza kutembea, Oom Sarel mbele, mikono nyuma.

"Mmh. Pakavu sana hapa," shangazi akasema kwa Kiingereza, uso umekunjwa kama kanusa samaki wa juzi. Halafu kwa Kiswahili, uso uleule: "Thabo, usitabasamu, nakuomba, lakini angalia chini. Nyayo za ngiri. Na huo mti tandala wameula mpaka juu. Mungu wangu, hapa ndipo."

"Naona," Anko akajibu huku anaangalia mbinguni kama anatafuta mvua.

"Mawe mengi mno," kwa Kiingereza. Halafu: "Ule mwamba, unauona? Asubuhi nakaa pale, upepo unanijia usoni, hawanipati harufu. Mume wangu, huyu mzee akitaka hata cherehani zangu, nampa. Zote. Na wewe nakuongezea juu."

"Mimi tena?"

"Utampikia. Anahitaji kulishwa huyu Kaburu, hebu iangalie miguu yake. Korongo kavaa soksi."

Nikajifanya nakohoa. Anko akanong'ona, "Punguza sauti basi."

"Nani atanisikia huku? Fisi?"

Tukazunguka hivyo mpaka tukarudi kwenye gari la mzigo la mzee. Oom Sarel akashusha mlango wa nyuma, akakaa, akamimina kahawa kwenye kifuniko cha themosi, akanywa taratibu. Kisha akamwangalia shangazi.

"Mama," akasema. "Korongo iko na miguu refu. Mimi miguu yangu iko fupi."

Kwa Kiswahili.

Jamani. Anko Thabo ghafla akaona tairi la gari letu linahitaji kukaguliwa. Mimi nikatoa simu isiyo na mtandao nikaanza kuisoma.

"Mimi nazaliwa Eldoret, Kenya," mzee akaendelea. "Baba yangu iko na shamba ya ngano huko. Sisi naondoka mimi iko bado mtoto. Lakini Kiswahili hapana ondoka."

Hebu jiweke kwenye viatu vya shangazi. Umemwita mtu korongo. Umeponda pori lake kwa lugha moja na kulililia kwa nyingine. Na la kupunguziwa bei sahau, maana cherehani umeshazitoa kwa mdomo wako mwenyewe, na mume juu. Mimi ningekuwa nimeshafika kwenye lami kwa miguu.

"Sasa," Oom Sarel akasema, "Kizungu wewe nasema pori mbaya. Kiswahili wewe nasema hapa ndipo. Gani ya kweli?"

Shangazi akanyoosha kitenge chake. "Kwa Kiingereza nilikuwa nanunua," akasema. "Kwa Kiswahili nilikuwa nasema kweli."

"Na miguu yangu?"

Akafikiria kidogo. "Nayo niliisema kwa Kiswahili, mzee wangu."

Oom Sarel alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Akajipiga paja, akarudia "korongo, korongo," akafuta machozi kwa kofia. Nikadhani yamekwisha. Wapi! Alipotulia akabadilika, akaanza kwa Kiingereza cha mwenye mali: bei ni ileile, haishuki, na kwa alivyosikia yeye, mama huyu angelipa hata zaidi.

Shangazi akainua mkono.

"A-a. Pazia umelifungua mwenyewe. Umeanza Kiswahili, tunamaliza Kiswahili."

Na hapo ndipo mzee wa watu alipopotea. Kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa mwenye shamba. Leta maji. Fungua geti. Kamata kuku. Sentensi zote ni amri.

"Lipa yote," akajaribu.

"Lipa yote? Mimi mpishi wako? Hiyo ni amri, siyo bei. Bei inaombwa. Sema, mama, naomba."

Oom Sarel akatuangalia mimi na Anko kama anatafuta wa kumsaidia. Hakuna. Masikio yakawa mekundu.

"Mama," akasema polepole. "Naomba."

"Enhe! Sasa huyo ndiye mtu. Na mimi nakujibu, baba yangu, nimeisikia, lakini mpunguzie mwanao." Halafu akafungulia bomba. Uzio umelala chini, nani atausimamisha? Barabara imekula gari lote la Thabo. Yeye mwenyewe amekaa mjini miaka, mgongo umekufa kwenye cherehani, anaomba kajipori ka kupumzikia, kuna dhambi gani? Mzee akifungua mdomo kwa Kiingereza, shangazi anatikisa kidole: "Kiswahili, baba." Mzee akataka kutetea maji ya kisima, akakosa neno, akawa anazungusha mkono hewani.

"Pampu," shangazi akamsaidia. "Unataka kusema pampu imechoka."

"Hapana! Pampu iko mpya!"

"Ya mwaka gani?"

Bei ikashuka. Ikashuka tena kwenye uzio, na mara ya mwisho ikashuka bila sababu yoyote, nadhani mzee alikuwa amechoka kutafuta maneno. Walipopeana mikono Anko akamuuliza, na yule wa Jumatatu je?

"Yeye nasema Kizungu tu," Oom Sarel akasema. "Nasema shamba nzuri, mzee mzuri, yote nzuri. Mimi hapana jua yeye nafikiri nini. Huyu mama, mimi najua yote."

Mawakili wakala miezi yao kama kawaida yao. Lakini hati ilitoka, na jina lililoandikwa ni la Hyasinta.

Majira ya baridi yalipofika, na msimu wa kuwinda umefunguliwa, tukaenda kulala huko. Samwel naye akaja, eti kushuhudia aibu, kavaa raba nyeupe za kwendea dansi. Asubuhi ya kwanza shangazi alikaa mwambani peke yake mpaka jua likawa kali, akarudi mikono mitupu. Samwel akaanza kuchangamka. Shangazi wala! Alikuwa ana uso wa bibi harusi. "Nimewaona kanga na ngiri na watoto wake," akasema, "nikawaacha. Kesho nao wapo." Akanywa uji wa Anko mabakuli mawili.

Asubuhi ya pili umande ulikuwa umeganda kwenye majani, sisi tumejikunyata kwenye moto. Mlio mmoja. Mmoja tu. Anko Thabo akabaki na mwiko hewani.

Halafu tukasikia kigelegele. Wallahi, kigelegele, kule mwambani, kirefu kile cha harusini, na hakuna mwanamke mwingine huko. Alikuwa anajipigia mwenyewe. Kutoka upande wa pili wa bonde, kwenye nyumba ya Oom Sarel, honi ya gari ikajibu: piiii, piiii.

Tulipofika, shangazi alikuwa amesimama kando ya tandala dume, pembe zimejipinda kama vizibuo, kofia mkononi, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mnashangaa nini?" akatufokea. "Mnyama mzito huyu! Thabo, shika pembe. Samwel, mguu wa nyuma!"

Na Samwel, na raba zake nyeupe, alishaushika mguu.