Gauni la Bibi wa Kasingirima

Nashona nguo kwenye kibaraza cha duka, sokoni Mwanga. Mimi ni mtu wa aibu, na kumkatalia mtu kulikuwa kunanishinda. Mtu akija na zipu mbovu akasema, "Dakika mbili tu, fundi," niliacha kazi iliyokuwa mkononi. Siku zangu ziliishia hivyo, kwa dakika mbili mbili za watu.

Mwaka jana bibi mmoja wa Kasingirima aliniletea kitenge nimshonee gauni. Alitaka alivae akivuka ziwa kwenda Kongo kumwona dada yake. Nilikikata siku ileile. Baada ya hapo alipita kila asubuhi, kandambili zake zikilia kibarazani, akienda kuuza mawese.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Limekwisha?"

"Bado kidogo. Kesho, bibi."

"Hiyo kesho yako imeshaota ndevu, mjukuu wangu," alisema, akacheka.

Siku ya sita hakupita, wala ya saba. Ya nane alikuja binti yake, macho yamevimba, akaniambia wamemzika jana. Nilimpa vile vipande, havijaungwa hata kimoja. Alivikunja taratibu.

"Alituambia tusikusumbue," alisema. "Eti una kazi nyingi."

Sasa kazi ndefu naianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla soko halijachangamka. Wenye zipu nawaambia warudi saa nane, na wengine wananuna. Hata hivyo, nikisikia kandambili zinakaribia kibarazani asubuhi, mguu wangu unaganda juu ya pedeli, nami siinui macho mpaka zipite.