Mluzi wa Mtu Asiye na Mbwa

Jumapili iliyopita, nikirudi kutoka misa ya kwanza hapa Sumbawanga, upepo uliniletea harufu ya nyasi zilizochomwa. Nilisimama kando ya barabara, rozari ikiwa bado mkononi, na moyo ukanirudisha kijijini kwetu Pito, nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliyetamani mbwa wa kuwindia kuliko nguo ya Krismasi.

Kwetu, ulezi ukishavunwa na nyasi kuchomwa, vijana walitoka kuwinda sungura. Nyama iligawanywa kwa kuhesabu mbwa, si watu. Mwenye mbwa wawili alipata mafungu mawili; asiye na mbwa aliambulia kunusa. Kwa hiyo hakuna aliyekuja kuniita. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Mama. Baba alikuwa ameteremka bandarini Kasanga kutafuta kazi, akavuka ziwa, na hakurudi.

Nilijifunza kupiga mluzi kwa vidole viwili. Nilipanda peke yangu mlimani nikawaita mbwa wangu, Askari na Radi, ambao hawakuwapo. Jioni Mama aliposali, nami niliongeza ombi langu kimyakimya. Nilimwambia Mungu hata akinipa mbwa mmoja tu aliye kilema, nitampokea.

Jumamosi moja Leoni, kijana wa jirani, alipungukiwa na watu wa kupiga vichaka ili sungura watoke. "Wewe njoo," aliniambia. "Lakini fungu huna, tusije tukagombana."

Nilikwenda nikiruka. Sungura alipochomoka kwenye majani, Chui, mbwa wa Leoni, alimfuata mpaka akabakiza kama hatua mbili. Furaha ikanizidi. Nikatia vidole mdomoni nikapiga mluzi wangu wote.

Chui akasimama. Akageuka, akaja mbio mpaka miguuni pangu. Sungura akapotelea mabondeni.

"Nani amekutuma uite mbwa wa watu?" Leoni aliuliza.

"Hana wake, ameazima," mwingine akasema, wakacheka. "Haya, mpe basi kazi, bwana mkubwa. Anakungoja."

Kweli, alikuwa ananingoja. Alinitazama usoni, ulimi nje, akihema, nami sikuwa na neno la kumwambia. Leoni akanielekeza njia ya nyumbani kwa fimbo.

Mama alikuwa anasonga ugali. Nilimweleza huku nikilia. Akaacha mwiko.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Akamwacha sungura, akaja kwako?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi unajua kuita," alisema, kisha akageukia moto na kuendelea kusonga.

Mbwa sikupata kamwe, na simdai Mungu. Nilihitaji miaka mingi kujua kwamba sikuwa na njaa ya nyama. Nilitaka nikiita, mtu aje.

Kuna jambo jingine nililolielewa Mama akiwa ameshazikwa. Kila siku alikuwa akisimama mlangoni na kuliita jina langu, hata nilipokuwa nimekaa uani, mahali anaponiona wazi. Nikifika, hakuwa na la kunituma. "Nilitaka kujua uko wapi tu," alikuwa akisema. Nilidhani ananisumbua, na mara nyingi nilinyamaza ili aite tena, mara mbili, mara tatu, ndipo niitike.