Vidonge Kwenye Pindo la Shuka

Maganga wa Kimali alikuwa mtu wa akiba, tena wa kuudhi. Mwaka wa kuhamishwa kwa Operesheni Vijiji, wenzake walipopakia watoto na kuku kwenye lori, yeye alipakia mlango wa zamani, kamba kuukuu za kufungia ndama na mche wa sabuni alioununua kabla sabuni haijaadimika. Sabuni ile ilikaa darini mpaka hata panya wakaikataa. "Akiba haiozi," alipenda kusema, na mkewe Nyanjige alimwacha aseme, maana ndoa ni kuvumiliana.

Siku tumbo lilipomvimba, choo kikagoma na upepo ukagoma, alipelekwa hospitali ya Bariadi juu ya trekta la pamba. Daktari alisema utumbo umejisokota. Alimpitishia mpira kwa nyuma, upepo ukatoka, Maganga akapata nafuu. Lakini utumbo wa namna hiyo hurudia mchezo wake, kwa hiyo ilibidi akishapata nguvu afanyiwe upasuaji, kipande kibovu kiondolewe.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Mdogo wake Salu alikatwa utumbo katika hospitali ya mbali, kidonda kikatunga usaha, akafa. Maganga hakuwapo, alikuwa malishoni na ng'ombe. Siku zote aliamini kwamba dawa zilimwishia Salu kabla hajapona.

Siku moja kabla ya upasuaji, muuguzi Wilhelmina alimnyima ugali, akamletea uji mwepesi na vidonge, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Meza hivi. Vinaua wadudu walio ndani ya utumbo, ili daktari akifungua wasiingie kwenye kidonda."

"Mwangaluka, mayu. Nitameza," alijibu, akimwita mama kwa heshima.

Hakumeza. Kidonda hakijakuwapo, dawa ya nini? Alivibana chini ya ulimi, vichungu kama shubiri, na muuguzi alipogeuka akavifunga kwenye pindo la shuka lake. Kila alipoletewa vingine, aliongeza. Kidonda kikija, yeye hatakufa kama Salu. Atakuwa na dawa zake mwenyewe.

Asubuhi Nyanjige alikuja kuchukua shuka lile, mumewe avishwe gauni la upasuaji. Mkono wake ukagusa fundo. Alikuwa akifungua mafundo ya mtu huyu tangu aolewe.

"Baba Mboni, hivi vya nini?"

"Vya kidonda."

"Kidonda kipi?"

"Kinachokuja. Salu alikufa kwa kukosa."

Nyanjige aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Yeye ndiye aliyemuuguza shemeji yake hadi mwisho, na hakuna aliyewahi kumuuliza ilikuwaje.

"Salu hakukosa," alisema. "Alipewa vidonge na sindano mpaka akachoka. Nilimlisha kwa mkono huu. Vilikuja kidonda kimeshaoza."

Maganga aliona aibu, lakini hofu ya kidonda kuoza ilikuwa kubwa kuliko aibu.

"Mwite yule mayu," alisema.

Daktari alifoka kidogo, akaahirisha. Uji mwepesi ukaanza upya na vidonge vipya, safari hii Nyanjige akisimama na kikombe cha maji na kumwamuru afungue kinywa aone. Kabla ya kisu alichomwa na sindano. Hakuuliza ni ya nini.

Kidonda kilikauka bila tone la usaha. Siku ya kurudi Kimali, Nyanjige alikunja shuka, akakuta fundo dogo. Ndani kilibaki kidonge kimoja cha zamani.

"Na hiki?"

Maganga aliangalia chini. "Nilitaka nikiweke kaburini kwa Salu."

Nyanjige alikishika kiganjani. Machozi yalimlengalenga, ila sauti haikutetemeka.

"Kitakuwa kimechelewa tena, baba."

Maganga alikichukua, akakitazama kitambo. Kisha akatoka nje ya wodi, akakitupa kwenye shimo la taka.