Maganda Mia Nne Juu ya Paa

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, wezi wa mifugo walimpiga baba yangu risasi mlangoni mwa zizi. Shule yangu ikaishia hapo, darasa la tatu. Sisemi ili nihurumiwe. Asubuhi yake sisi watoto tuliokota maganda ya risasi mavumbini, kama watoto wanavyookota chochote kinachong'aa. Ukipuliza juu ya mdomo wa ganda, linalia kama filimbi. Langu nililipuliza watu wakichimba kaburi. Mama alinizaba kofi.

Basi. Miaka thelathini na ushei nikachunga mbuzi za watu, nikabeba mawe, nikaosha magari. Halafu nikaenda Riyadh. Huko, mtaa wa Olaya, nilikuwa msafishaji katika jengo la ofisi, na sitajidogosha: hakuna aliyeng'arisha shaba ya manjano kunizidi. Vitasa, reli za ngazi, herufi za ukutani. Siri yangu ilikuwa dawa ya vioo, ile kali ya kuchoma pua, yenye amonia. Unapaka, unasugua, weusi umekwenda. Mameneja walijitazama sura kwenye vitasa vyangu.

Kafili wangu, yaani mdhamini wangu wa kazi, akanihamishia Jeddah kwa ndugu yake, mtaa wa Al-Rawdah. Nikawa mlinzi wa lango na mtu wa kazi ndogondogo. Bosi huyo tulimwita Baba, ingawa ningeweza kumzaa. Alikuwa na kibali cha bunduki, mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na risasi zake alizijaza mwenyewe: ganda lililokwisha kupigwa linasafishwa, linatiwa baruti upya, linatumika tena. Siku moja akanishushia ndoo ya maganda meusi kama meno ya mvuta tumbaku. Nilitaka kukataa. Nikakumbuka ikama yangu, kile kibali cha kuishi, iko mkononi mwa nani.

Alinifundisha vizuri, hilo nampa. Kwanza tazama kila ganda, lisije likawa halijapigwa. Vaa glavu na barakoa, maana masizi yale ni sumu inayoingia mwilini bila kubisha hodi. Beseni liwe la kazi hiyo tu, lisirudi jikoni. Usisugue kavu ukatimua vumbi. Maji ya vuguvugu, kijiko cha chumvi ya limau, tone la sabuni, dakika chache, suuza mara mbili, anika. Usikaushe kwa moto.

Nikayaanika juu ya paa, yamesimama kwenye trei, midomo juu. Adhuhuri upepo wa baharini ukapita, yakalia. Si kwa nguvu. Kama watu wengi wanaopumulia menoni. Nikamwona mama yangu. Sisemi nilimkumbuka. Nilimwona, amesimama kando ya tangi la maji, kiganja juu. Niliteremka ngazi mbio, mzee mzima.

Tangu hapo nilitaka kazi ile iishe upesi. Ndoo ya pili ilikuwa sugu, chumvi ya limau ikaacha madoa. Nikachukua dawa ya vioo. Muda si muda yaling'aa kama pete ya harusi. Safari hii niliyalaza, yasilie, kisha nikayamimina pamoja na ya kwanza. Jumla mia nne.

"Mashallah, ya am!" Baba akasema, yaani mzee wangu. "Wewe ni fundi. Ulifuata nilivyokuonyesha?"

"Nilifuata," nikasema. Kichwa kikavimba.

Jumatano, akipanga vifaa vyake vya kujazia, akanisimulia huku anacheka: "Kuna rafiki yangu mjinga, aliosha yake kwa amonia. Shaba inaharibika, ya am. Kwa macho inang'aa, kumbe ina nyufa. Ukifyatua, ganda linaweza kupasuka, moto ukakurudia usoni."

Na Ijumaa ilikuwa zamu ya binti yake kufyatua kwa mara ya kwanza.

Nilikwenda jikoni. Mpishi, mama wa Mombasa, alikuwa akikata vitunguu. Nikamweleza yote.

"Sasa wenda kumwambia?"

"Nitamwambia."

"Mzee, una wazimu? Yang'aa, hayang'ai?"

"Yanang'aa."

"Basi nani ajua ulitia nini?"

"Mimi najua."

"Haya. Nitakufungia chapati ule kwenye ndege."

Nikamwambia chapati zake zitazuiliwa uwanjani kama silaha. Akanirushia ganda la kitunguu, tukacheka. Lakini siku ile ikapita, sikusema. Nisidanganye, si kurudishwa kwetu tu nilikokuogopa. Nilikuwa nimeitwa fundi, mimi wa darasa la tatu, na sikutaka kulirudisha neno hilo.

Alhamisi asubuhi nikamkuta mezani ameshika ganda la kwanza.

"Baba, usijaze. Niliosha kwa dawa ya vioo."

"Yapi?"

"Ya ndoo ya pili. Lakini niliyachanganya."

"Kwa hiyo yote."

"Yote."

"Nilikuuliza. Ukasema ulifuata."

"Nilidanganya."

Alinitukana kwa Kiarabu ambacho hakikuhitaji mkalimani. Halafu akaleta koleo la kubania. "Yaponde. Moja moja. Mbele yangu."

Nikakaa sakafuni, glavu mkononi, nikayaponda hadi alasiri, kila mdomo nikiubana ukafunga. Binti akapita, akasimama. Akauliza kuna nini. Baba yake akamjibu, "Muulize huyu."

"Nilikosea," nikamwambia. Hakuna jiwe nililowahi kubeba zito kama neno hilo.

Ijumaa hawakwenda klabu. Sikufukuzwa. Nilikaa langoni pale miaka minne zaidi, lakini hakunipa tena ganda hata moja, wala hakuniita fundi. Kama yangepasuka, sijui. Huenda yasingepasuka. Ila nikinyoa ndevu, mara nyingine kiooni kuna uso wa binti yule nyuma ya bega langu, upande mmoja umeungua, ilhali niliondoka nikimwacha mzima, amekwisha olewa. Nasimama na wembe hadi anapoondoka.

Nilivyo navyo leo huku kwetu, kwa mshahara wa huko: nyumba ya mawe, vyumba vinne, ina umeme. Ekari tatu, hati kwa jina langu. Ng'ombe tisa. Mbuzi ishirini na wawili. Duka moja sokoni la sabuni na vifaa vya usafi. Pikipiki moja. Mizinga sita ya nyuki.