Mashine Iliyohema Kwapani

Nilipotoka chuo kikuu nilikuwa najua kila kitu kuhusu sauti, na karibu hakuna kingine. Kiwanda cha umma pale Gerezani, hatua chache kutoka sokoni Kariakoo, kikanikabidhi mashine ya kuunganisha plastiki. Tulitengeneza tochi. Kila tochi ilifika kwenye mashine ikiwa vipande viwili. Mdomo wa chuma ulishuka, ukavibana, ukatetemeka kwa kasi ambayo sikio la binadamu haliipati; plastiki ikayeyuka kwenye ungio, kisha ikaganda. Bila gundi wala skrubu. Kwangu ilikuwa shahada yangu imesimama kwa miguu ya chuma.

Kisha tochi zikaanza kuachana. Unaiweka mezani, inafunguka kama ganda la karanga. Meneja akatangaza kwamba mashine isipopona hadi Jumamosi, Jumatatu lori litaipeleka kiwanda kingine huko bara, na akina mama wote waliofanya kazi kwenye laini ile watatawanywa.

Nikaandika ripoti, kurasa kumi na moja. Nilithibitisha kwamba ugonjwa uko kwenye mtetemo na dawa yake iko ng'ambo, inangoja fedha za kigeni, ambazo siku hizo zilikuwa adimu kuliko sabuni. Sehemu ya hewa niliipa maneno mawili: "Iko sawa." Kwani ilikuwa nini? Silinda, pistoni ndani yake, hewa ya kompresa inaisukuma chini, springi inairudisha juu. Hiyo ni pampu ya baiskeli, niliwaambia wote. Msomi mzima nishughulike na pampu?

Aliyeendesha mashine alikuwa mama mmoja wa Buguruni, mfupi, asiyecheka ovyo. Alhamisi asubuhi akaniita.

"Ndugu Mhandisi, lete mkono hapa. Inahema kwapani."

"Mama, mashine haina kwapa."

"Na sisi hatuna kazi Jumatatu. Lete mkono."

Ubavuni mwa silinda, chini, palikuwa na tundu dogo. Pistoni ikishuka, hewa iliyo chini yake hutokea hapo kwa pumzi moja, basi. Sasa ilikuwa inapuliza mfululizo. Mama akafungua pindo la khanga, akatoa kipande cha sabuni ya kufulia, ambacho hakika alikipangia foleni. Akakilowanisha, akapaka tundu. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

Masikio yakaniwaka moto. Mtetemo ulikuwa mzima. Kilichokufa ni mpira wa pistoni: hewa ilikuwa inapenya pembeni, kwa hiyo mdomo ulishuka vizuri ila haukukandamiza. Plastiki iliyoyeyuka inataka kubanwa, na kuendelea kubanwa hadi ipoe. Sisi tulikuwa tunaipapasa. Na ile geji ya kupimia nguvu ya hewa, niliyoisoma kila asubuhi kwa fahari, ilikuwa kule kwenye kompresa, ikinipa habari za kompresa tu.

Mpira wa namna ile haukupatikana mjini.

"Si ulisema ni pampu ya baiskeli?" akasema mama. "Twende kwa wenye baiskeli."

Kwenye kibaraza kimoja Kariakoo alikuwepo mzee fundi aliyekata mwenyewe ngozi za pampu, maana za dukani zilikwisha zamani. Tukamwamkia, akaitika, akapokea pistoni yetu, pana kama kikombe cha chai, akaigeuzageuza.

"Marahaba, marahaba. Baiskeli hii anapanda nani, tembo?"

Alikata ngozi nene, akailoweka, akaikandamiza juu ya kikombe cha bati mpaka ikapata ukingo kama kofia. Jumamosi asubuhi tuliichukua imekauka na kunyweshwa mafuta.

Niliifunga mwenyewe, kwa heshima ya shahada. Tukafungua hewa. Ikahema vilevile.

"Ukingo umeuelekeza wapi?" mama akauliza.

"Chini."

"Mungu wangu. Hewa inatoka juu. Iache iingie ndani ya kofia, iipanue, ibane ukuta. Hujawahi kujaza baiskeli upepo?"

Sikuwahi. Maisha yangu yote nilikuwa napakiwa nyuma.

Nikaigeuza. Mdomo ukashuka, tundu likapumua mara moja, likanyamaza. Mama akapaka sabuni tena; povu likatulia tuli. Kisha akachukua tochi ya kwanza, akaiweka sakafuni, akavua kandambili, akapanda juu yake kwa miguu miwili. Tochi ikambeba. Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwafanya watu wa ghala la jirani waje kuuliza ni harusi ya nani.

Meneja akaja mbio, ripoti yangu mkononi.

"Na kurasa hizi kumi na moja nizifanye nini?"

"Ziweke chini ya kompresa," akasema mama. "Inatikisika."

Zikawekwa, na lazima niseme unene wake ulifaa kabisa; kompresa haikutikisika tena.

Jumatatu lori lilikuja kama lilivyoagizwa. Akina mama walilipakia wenyewe, wakiimba, makatoni ya tochi hadi juu. Mashine ilibaki pale pale, ikishuka na kupanda, ikipumua mara moja kila tochi.